Jina ni Mali ya Nani?

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Walimu wa Kiswahili tumeifundisha methali hii miaka nenda miaka rudi, na aghalabu tumeifasiri kwa maana ya sifa: mtu mwenye mwenendo mwema hujulikana hata pale asipoonekana. Fasiri hiyo ni sahihi. Hata hivyo, nyuma yake limejificha swali ambalo methali hailigusi, nalo ni hili: jina lenyewe ni mali ya nani? Ni mali ya yule aliyelibuni, au ya yule aliyeliandika kwanza kitabuni, au ya yule anayeitwa kwalo? Katika makala haya nakusudia kulitazama swali hilo, kwa kuwa naamini linamhusu kila mtu ashikaye chaki na daftari la mahudhurio.

Mimi sikulianza swali hili vitabuni. Nililianza kwa kosa nililolitenda mwenyewe darasani.

Yapata miaka ishirini iliyopita, nilipokuwa mwalimu kijana katika shule moja ya sekondari ya wilaya ya Kasese, tulimpokea mvulana aliyetoka ng'ambo ya mpaka, pande za Beni, akiwa amefuatana na bibi yake. Walikuwa wamekimbia vita. Nilimwuliza jina lake, akajibu, "Kambale."

Msomaji asiyetoka kwetu yafaa aelezwe jambo moja hapa. Watu wa milima ya Rwenzori huwapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa. Kwetu Kasese, kuanzia Bwera hadi huku Bwesumbu nilikozaliwa, mtoto wa pili wa kiume huitwa Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo, wa sita Mbusa. Kwa ndugu zetu wa Beni na Butembo majina ni yale yale, ila yamevaa vazi jingine: Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo, naye Mbusa hubaki Mbusa. Hata mabinti ni hivyo: aitwaye Kabugho huku, kule huitwa Kavugho, na Ithungu wa huku ndiye Katungu wa kule. Mlima ni mmoja, lugha ni moja, na hesabu ya watoto ni moja.

Nikijua hayo yote, niliandika daftarini "Bwambale". Nikalieleza darasa, kwa ufasaha mwingi wa ujana, kwamba Kambale na Bwambale ni neno moja, na kwamba kuanzia siku ile mwenzetu atakuwa Bwambale kama wenziwe wa hapa. Nia yangu ilikuwa njema. Sikutaka achekwe wala aonekane mgeni.

Kesho yake niliita majina. "Bwambale!" Kimya. Nikaita tena. Kimya. Nikatia alama ya kutokuwapo. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo, na siku ya tatu pia. Siku tatu mfululizo niliandika kwamba hayupo mtoto aliyekuwa ameketi katika dawati la tatu, akinitazama usoni.

Siku ya nne alikuja bibi yake. Hakukasirika. Alisimama mlangoni akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, "Mwalimu, huyu mtoto alipoteza vitu vingi njiani. Jina hakupoteza. Sasa wewe unalichukua la nini?"

Maneno yale yalinishinda, na yalinishinda hasa kwa sababu hoja yangu ilikuwa ya kweli. Kambale na Bwambale ni neno moja. Mtaalamu yeyote wa lugha atakubali. Lakini ukweli wa asili ya neno haukunipa haki juu ya mtoto yule. Nilikuwa nimechanganya mambo mawili: kulijua jina na kulimiliki.

Miaka kadhaa baadaye, nikisoma habari za Warumi wa kale, nilikutana na kisa kilichonionyesha kwamba kosa langu lilikuwa na umri mkubwa kuliko shule zetu. Huko Galia, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa, waliishi makabila mengi ya watu wa ukoo mmoja na wale Wagalatia ambao Mtume Paulo aliwaandikia waraka. Julius Kaisari, aliyeipiga vita nchi hiyo kuanzia mwaka 58 K.K., anakiri mwanzoni kabisa mwa kitabu chake kwamba baadhi ya watu hao walikuwa na jina lao katika lugha yao, nao Warumi wakawaita kwa jina jingine katika Kilatini. Anaitaja tofauti hiyo mara moja, kisha anaendelea na jina la Kilatini kitabu kizima.

Mojawapo ya makabila hayo liliitwa Allobroges, nasi kwa Kiswahili twaweza kusema Waalobroge. Walikaa baina ya mto Rhône na ziwa la Geneva. Warumi waliwashinda mwaka 121 K.K. Asili ya jina lao yajulikana: katika lugha ya Kigalia sehemu ya kwanza ina maana ya "nyingine" na ya pili ina maana ya "nchi". Waalobroge basi ni "watu wa nchi nyingine". Wafafanuzi wa kale wa mshairi wa Kirumi aitwaye Juvenal waliieleza maana hiyo zamani sana, wakisema watu hao waliitwa hivyo kwa kuwa walihamia hapo kutoka kwingineko.

Na tulitafakari jina hilo. Hakuna mtu aliye mgeni nyumbani mwake. Jina lenye maana ya "watu wa kwingine" yaelekea lilitoka kwanza kinywani mwa jirani, aliyesimama kwenye mpaka wa shamba lake akiwanyoshea kidole waliofika karibuni. Jina hilo ndilo walilolikuta Warumi, wakalichukua, wakalitia viambishi vya lugha yao: mmoja akawa Allobrox, wengi wakawa Allobroges. Hakuna ubaya wowote hapo. Kila lugha hulivika neno la kigeni nguo za kwao, maana bila nguo hizo neno haliwezi kuingia katika sentensi.

Ubaya ulikuja baadaye, katika matumizi. Mwaka 63 K.K. wajumbe wa Waalobroge walifika Roma kulalamika juu ya madeni na udhalimu wa watawala. Wakiwa huko walisaidia kufichua njama ya Catilina dhidi ya dola, na Cicero, msemaji hodari kuliko wote wa Roma, aliutumia ushahidi wao. Njama ikavunjwa, Cicero akasifiwa, na malalamiko ya wajumbe yakasahauliwa. Miaka miwili baadaye Waalobroge waliasi, wakapigwa. Na baada ya zaidi ya karne moja na nusu, Juvenal anasimulia juu ya mwalimu mmoja wa ufasaha, jina lake Rufus, ambaye wanafunzi wake walizoea kumwita "Cicero wa Waalobroge". Ilikuwa dhihaka. Ni kana kwamba walisema: msemaji bingwa wa porini. Jina la kabila zima lilikuwa limegeuzwa kijembe cha kumtupia mwalimu. Nadhani kila mwalimu aliyewahi kupachikwa jina na wanafunzi wake atamwonea Rufus huruma.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Mwaka 1792, wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, wapiganaji wa kujitolea kutoka nchi ya Savoy waliunda jeshi wakaliita Jeshi la Waalobroge. Mwaka 1856 Joseph Dessaix alitunga wimbo wa Waalobroge, na watu wa Savoy wameuimba kwa fahari tangu hapo. Jina lililoanza kwa maana ya ugeni, likapita katika dhihaka, limekuwa jina la watu wanaojivunia nchi yao.

Fundisho la kwanza ninalolipata hapa ni kwamba asili ya jina haiamui thamani yake. Aliyelibuni jina anaweza kuwa jirani mwenye chuki, na jina likawa johari mikononi mwa wajukuu wa waliochukiwa. Kwa hiyo yule asemaye, "Jina hili si lenu, mlipewa na wageni," hajasema neno la mwisho.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la Warumi peke yao. Katika Afrika ya Mashariki Kiswahili chetu kimefanya kazi ile ile iliyofanywa na Kilatini huko Galia. Wafanyabiashara wa pwani walifika Buganda katika miaka ya 1840. Waliwasikia wenyeji wakisema Buganda na Baganda, nao kwa kanuni za lugha yao wakasema Uganda na Waganda. Mwingereza Speke, aliyefika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1862 akiongozwa na wasemaji wa Kiswahili, aliandika kama alivyosikia kwao. Mwaka 1894 Waingereza walipotangaza himaya yao, waliitangaza kwa jina hilo la Kiswahili, na hatimaye nchi nzima, pamoja na Waacholi, Wakaramojong, Walugbara na sisi wa milimani, ikaitwa kwa jina la ufalme mmoja lililovaa kiambishi cha pwani. Mkonzo akifika Nairobi huitwa Mganda, naye huitika pasipo taabu. Akiitwa hivyo Kampala hugeuka kutazama ni nani aliyeitwa. Neno ni moja. Anayeitikia ndiye anayelipa mipaka.

Hata mlima wetu una kisa. Watu wa kale wa Ulaya, katika tafsiri za Kilatini za Ptolemaio, walikuwa na Milima ya Mwezi, nasi hatukujua kwamba tunakaa mwezini. Stanley aliusambaza kwa wasomaji wake mwishoni mwa miaka ya 1880 kwa jina la Ruwenzori. Mwaka 1906 mwana wa mfalme kutoka Italia aliupanda, na kilele kirefu kuliko vyote, chenye meta 5,109, kikapewa jina la Margherita, malkia wa nchi yake. Wakonzo kwa upande wetu tunalo neno nzururu, yaani theluji, na kutokana nalo Rwenzururu, mahali pa theluji. Mlima haukuitikia jina lolote kati ya hayo, kwa kuwa mlima hauna sauti. Kwa hiyo mlima waweza kubeba majina mengi bila kudhulumika. Binadamu si mlima.

Sisi wenyewe tumeitwa vipi? Katika vitabu vingi vya wakoloni, na katika vinywa vya majirani, tuliandikwa na kutajwa kuwa Bakonjo. Wenyewe twasema Bakonzo. Makubaliano ya mwaka 1910 yaliupitisha mpaka wa Waingereza na Wabelgiji katika mlima wetu na mto Semliki, na ndugu zetu waliobaki upande wa Kongo wakajulikana kwa jina la Banande, ingawa wengi wao husema kwamba jina lao la asili ni Bayira. Watu wa hesabu moja ya watoto wakawa na majina matatu ya kabila.

Palikuwa na jina la nne, nalo ndilo lililouma. Mkataba wa Toro wa mwaka 1900 uliwaweka watu wa milimani chini ya ufalme wa Toro. Wazee husimulia kwamba katika miaka iliyofuata kijana aliyetaka nafasi shuleni au kazi ofisini aliona ni salama zaidi kujiita Mtoro. Akaitwa, akaitika. Mwaka 1962, katiba ya Toro ilipokuwa ikijadiliwa, wajumbe wa Wakonzo na Waamba walidai kwamba watu wao watajwe waziwazi kuwa sehemu ya Toro yenye haki sawa. Dai lilipokataliwa walitoka katika baraza la Rukurato, na tarehe 30 Juni mwaka huo huo Isaya Mukirane na wenzake walitangaza Rwenzururu. Palikuwa na sababu nyingine za ugomvi, kama vile shule, kodi na vyeo. Wala si kusudi langu kuhukumu yote yaliyotendwa na kila upande, maana watu walikufa. Mapigano hayo yalidumu hadi mwaka 1982. Serikali iliutambua ufalme wa Rwenzururu mwaka 2009, na Novemba 2016 damu ilimwagika tena mjini Kasese. Nasema tu kwamba asiyeamini kuwa jina ni jambo zito aje azungumze na wajane wa huku.

Hapo fikira yangu ya kwanza inapata kikwazo, na si haki kukificha. Nilitaka kusema kwamba jina ni mali ya yule anayeliitikia. Lakini yule kijana aliyejiita Mtoro aliitika pia. Mtumwa aliyepewa jina na bwana wake aliitika, kwa kuwa asingeitika angepigwa. Je, tuseme kwamba majina hayo yalikuwa mali yao?

Hasha. Kuitika kwa hofu si kuitika, ni kujikinga. Inatupasa kuongeza sharti: jina ni mali ya yule anayeliitikia kwa hiari, yaani jina ambalo mtu hujitaja kwalo pale ambapo hakuna mwenye nguvu anayemsikiliza. Wala sharti hili si rahisi kwa mwalimu, maana darasani mwenye nguvu ni yeye. Kama yule mvulana angeitika "Ndiyo, mwalimu" siku ile ya kwanza, ningeondoka nikiamini kwamba nimemfanyia wema, na labda ningeliamini hilo hadi leo. Kimya chake kilikuwa sehemu pekee ya darasa langu ambayo haikuwa chini ya amri yangu. Namshukuru Mungu kwamba alikuwa na ujasiri wa kukaa kimya. Lakini nawafikiria wale ambao hawakuwa nao.

Pana kikwazo kingine, kinachotugusa sisi wenyewe tuliodai jina. Bwesumbu, ambako nimezaliwa na ambako wengi wetu ni Wakonzo, imo katika kaunti ya Busongora, yaani nchi ya Wasongora. Wasongora ni watu wengine, wafugaji wenye historia yao katika nyanda za chini. Haitufai kusema kwamba jina letu ni haki takatifu na jina la jirani ni neno tu la ramani. Aliyeonja uchungu wa kusahauliwa jina ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuwauliza wengine wanaitwaje. Asipofanya hivyo, basi hakuwa akitetea haki; alikuwa akitetea zamu yake.

Ndugu walimu, nini basi litupasalo katika kazi yetu? Mimi naona mambo matatu.

La kwanza ni la sarufi, nalo ni jepesi. Kiswahili kina haki ya kusema Mkonzo na Wakonzo, Myira na Wayira, kama Kilatini kilivyosema Allobrox na Allobroges. Kiambishi ni vazi, hakikati mwili. Hata hivyo, mwanafunzi akiandika "Bakonzo" katika insha yake, mimi simpigii mstari mwekundu. Namwonyesha kanuni ya lugha, kisha namwachia achague, kwa kuwa huenda anasema jambo kubwa kuliko sarufi.

La pili ni la mzizi wa neno. Vazi tunaweza kulibadilisha, mwili hatuwezi. Tukisikia kwamba wenyewe husema "konzo", hatuna udhuru wa kuendelea kuandika "konjo" ati kwa kuwa ndivyo kitabu cha zamani kilivyoandika. Na tukisikia kwamba jamaa fulani hawalipendi jina walilopachikwa, uvivu wa kalamu si hoja ya kulishikilia.

La tatu ni la daftari, nalo ndilo zito. Jina la mtu binafsi lisitafsiriwe, lisisahihishwe, wala lisifanywe la hapa kwa ajili ya huruma. Huruma isiyouliza hufanana sana na dharau. Tangu mwaka 2005, katiba ya Uganda ilipofanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, sisi walimu wake tumezidi kuwa watu wa kuunganisha majirani. Lugha inayounganisha haina haja ya kuwafanya watu wote waitwe sawasawa. Inatosha iwawezeshe kuulizana majina na kusikilizana majibu.

Siku ile ya nne, bibi alipokwisha kuondoka, nilichukua daftari, nikakata "Bwambale", nikaandika juu yake "Kambale". Zile alama tatu za kutokuwapo sikuzifuta. Mwalimu mkuu aliniuliza kwa nini, nami nikamjibu kwamba ni za haki: siku zile tatu mtoto huyo sikuwa nimemwita.

Kesho yake asubuhi nilifika kwenye mstari ule nikasita kidogo. Kisha nikaita.

"Kambale!"

"Nipo, mwalimu."